Kutoka Diploma hadi Digrii Ukiwa Mombasa: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, wa 2024 ulifanywa na watahiniwa 962,512. Waliopata C+ kwenda juu, ile alama inayomfungulia mtu mlango wa chuo kikuu moja kwa moja, walikuwa 246,391. Waliobaki ni zaidi ya laki saba. Kila mwaka ni hivyo: wanaokosa ni wengi kuliko wanaopata, na wengi wao wako kwenye nyumba zetu, kuanzia Likoni hadi Mtopanga, kuanzia Mikindani hadi Majengo.

Matokeo yakitoka, nyumba nyingi zinanyamaza. Mzazi anasema "basi tena", na kabla ya miezi miwili kwisha mtoto ashawekwa kwenye duka la ami yake au ashapewa tuktuk aendeshe. Hiyo "basi tena" siikubali. Mwenye C, mwenye C- na hata mwenye D ana njia ya kufika digrii. Ni njia halali, serikali inaitambua, na kuna wauguzi, wahasibu na mafundi wakuu hapa mjini walioipita. Unaanza na cheti au diploma kwenye chuo cha karibu na nyumbani, kisha unapanda.

Njia hiyo ni ndefu kuliko ya moja kwa moja, na ina mahali pa kupotelea. Wanaopotea mara nyingi hufanya kosa la aina moja: wanachagua chuo kwanza, kozi wanaiokota palepale kwenye meza ya usajili, halafu baada ya miaka mitatu ndipo wanauliza kama kuna chuo kikuu kitakachowapokea. Ninachokuomba ni ugeuze mpangilio huo. Anza na digrii, urudi nyuma hadi kwenye chuo.

Ijue ngazi unayoipanda

Kenya ina mfumo wa taifa wa sifa za masomo wenye ngazi 10. Kozi ya fundi iko ngazi ya 4, cheti ngazi ya 5, diploma ngazi ya 6, na digrii ya kwanza ngazi ya 7. Ukisikia chuo cha ufundi kinatangaza "level 6", hiyo ni diploma.

Kwa viwango vya KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, diploma huanzia C-, cheti huanzia D, na walio chini ya hapo huanza na kozi za fundi. Hivyo ni viwango vya chini vya jumla. Kozi fulani hudai zaidi, hasa za afya na ualimu. Diploma ya ualimu wa msingi, kwa mfano ile ya Shanzu, iliingia 2021 badala ya cheti cha P1, nayo huitaka C.

Sasa hesabu ya miaka, maana hapa ndipo watu hudanganywa. Diploma huchukua karibu miaka mitatu ukijumlisha mafunzo ya kazini. Digrii nyingi ni miaka minne, za uhandisi ni mitano. Ukiwa na diploma nzuri ya fani ileile, vyuo vikuu vingi hukuingiza mwaka wa pili, kwa hiyo unabakiza mitatu. Jumla ni sita. Aliyeanza na cheti aongeze takriban miwili. Tofauti na yule wa moja kwa moja ni kwamba wewe katikati ya safari tayari una karatasi ya kuombea kazi.

Hatua ya kwanza: chagua digrii kabla ya kuchagua chuo

Kaa chini ujiulize unataka kuwa nani baada ya miaka sita. Si lazima uwe na jibu moja, lakini uwe angalau na fani: biashara, kompyuta, umeme, bahari, hoteli, afya, ualimu. Ukiwa na fani mkononi, angalia kama taaluma hiyo ina bodi yake ya usajili, na bodi hiyo inasemaje kuhusu mtu aliyepanda kupitia diploma. Chuo kikuu kinaweza kukupokea, kikakufundisha, kikakuvisha joho, halafu bodi ikakuambia hufai. Nimeona familia ikilia kwa jambo hili, na ndiyo maana nalikazia.

Ualimu wa sekondari ni mfano wa kwanza. TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu, haisomi digrii peke yake, inarudi hadi kwenye KCSE: C+ ya jumla na C+ kwenye masomo mawili utakayofundisha. Mwenye C- ambaye ndoto yake ni kufundisha Hisabati na Fizikia kidato cha tatu aulize TSC kwanza, kabla hajalipa hata shilingi. Sheria nayo ina mlango mwembamba. Anayetaka kuwa wakili lazima apitie Kenya School of Law, ambako alama ya KCSE, hasa ya Kiingereza au Kiswahili, huangaliwa kwa makini. Mzozo wa waliopanda ngazi kwa ngazi umefikishwa mahakamani zaidi ya mara moja.

Kwenye uhandisi, tofautisha digrii ya uhandisi na digrii ya teknolojia ya uhandisi. Zote ni digrii, lakini ya kwanza inakupeleka Engineers Board of Kenya na ya pili inakupeleka kwenye bodi ya wanateknolojia, KETRB. Kazi zipo pande zote mbili. La muhimu ni ujue unapanda ngazi ipi.

Uuguzi umepangika vizuri zaidi. Muuguzi mwenye diploma na leseni ya Nursing Council anaweza kuendelea na digrii akiwa kazini, na wengi hufanya hivyo. Biashara, uhasibu, kompyuta, utalii na usimamizi wa bandari hazina vikwazo vikubwa vya namna hii. Hapo kinachoamua ni alama zako za diploma.

Hatua ya pili: nenda chuo kikuu, uliza, upate jibu la maandishi

Hatua hii watu wengi huiruka, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kabla hujajiunga na chuo cha diploma, nenda ofisi ya udahili ya chuo kikuu unachokitaka, au waandikie barua pepe. Ukiwa Mombasa huna safari ndefu. Technical University of Mombasa (TUM) iko Tudor. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mwendo wa matatu moja. Vyuo vikuu vingine, vya umma na vya binafsi, vina matawi hapa mjini, na mengi yana masomo ya jioni au ya wikendi. Tangu 2023 kuna pia Open University of Kenya, ambayo mafunzo yake ni ya mtandaoni, na inamfaa sana mtu mwenye kazi ya zamu hotelini au bandarini.

Ukifika, usiulize tu "nikiwa na diploma mtanichukua?" Jibu litakuwa ndiyo, na ndiyo hiyo haina maana. Uliza hivi. Diploma gani hasa mnaikubali kwa digrii hii, na kutoka chuo gani? Lazima iwe na alama gani, krediti au pasi inatosha? Nitaingia mwaka wa kwanza au wa pili? Masomo gani nitasamehewa? Kuna somo la KCSE ambalo bado mtaliangalia hata nikiwa na diploma? Diploma za mfumo mpya wa umahiri, zinazotahiniwa na TVET CDACC, baraza la mitaala na mitihani ya vyuo vya ufundi (TVET), mnazipima vipi?

Swali hilo la mwisho usilisahau. Diploma za zamani za KNEC, baraza la mitihani la taifa, zilikuwa na distinksheni, krediti na pasi, na masharti ya vyuo vikuu yaliandikwa kwa lugha hiyo. Mfumo mpya humpima mwanafunzi kwa umahiri: kaiweza kazi au bado hajaiweza, na kwa kiwango gani. Ofisi moja ishajipanga jinsi ya kusoma matokeo hayo, nyingine inaamua mwanafunzi mmoja mmoja. Bora ujue mapema unaelekea ofisi ya aina gani.

Ukijibiwa kwa mdomo, rudi nyumbani uandike barua pepe fupi: "Nilifika ofisini kwenu tarehe fulani, nikaambiwa hivi na hivi. Tafadhali nithibitishieni." Jibu likija, lichapishe uliweke. Karani wa leo huenda akawa amehamishwa miaka mitatu ijayo, lakini karatasi itakuwepo.

Na uwe macho na anayekuahidi makubwa. Hata kwa mwanafunzi anayehama kutoka chuo kikuu kimoja kwenda kingine, kanuni za Commission for University Education, tume inayosimamia vyuo vikuu, zinaweka kikomo cha asilimia 49 kwa masomo ya msingi yanayoweza kuhamishwa. Mtu akikuambia diploma yako itakubakishia mwaka mmoja tu wa digrii, mshukuru uende zako.

Hatua ya tatu: sasa chagua chuo

Ukiwa na majibu mkononi, chuo karibu kinajichagua. Mombasa tumebarikiwa kwa upande huu. Kenya Coast National Polytechnic, ambayo wazee bado wanaijua kama Mombasa Technical, ina kozi nyingi za ufundi na biashara kuanzia cheti hadi diploma. KMTC ina kampasi ya Mombasa kwa kozi za afya. Bandari Maritime Academy ni ya wanaotaka kazi za bahari na bandari. Shanzu ni ya walimu.

Halafu kuna TUM yenyewe, ambayo pamoja na kuwa chuo kikuu bado inafundisha cheti na diploma. Historia yake inafaa kujulikana na kila kijana anayedhani kuanzia chini ni aibu. Ilianza kama Mombasa Institute of Muslim Education, MIOME, chuo cha ufundi cha vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1966 ikawa Mombasa Technical Institute, 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, 2007 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, JKUAT, na 2013 ikapewa hati ya chuo kikuu kamili. Chuo chenyewe kimepanda ngazi kwa ngazi hadi juu. Kusoma diploma ndani ya chuo kikuu kuna faida moja kubwa: wanaokufundisha na wanaotathmini masomo yako baadaye wako ua mmoja, mtaala wako hauwi mgeni kwao.

Kuhusu vyuo vya binafsi vilivyo juu ya maduka pale katikati ya mji, sisemi vyote ni vibaya. Vingine vina walimu wazuri na saa zinazomfaa mfanyakazi. Ila usilipe kabla ya kuhakikisha mambo mawili kwenye orodha ya TVETA, mamlaka inayosajili vyuo vya ufundi: kwamba chuo kina leseni ambayo muda wake haujaisha, na kwamba kozi yako hasa imeidhinishwa hapo. Chuo kinaweza kuwa na leseni ya kozi tatu na kikafundisha kumi na mbili. Uliza pia nani atakutahini: KNEC, CDACC, KASNEB (bodi ya mitihani ya uhasibu) au wao wenyewe. Diploma ya ndani, inayotungwa na kusahihishwa na chuo hichohicho, ndiyo inayokataliwa kwa urahisi ukifika chuo kikuu.

Hatua ya nne: tuma maombi

Hapa si pagumu. Maombi ya vyuo vya umma hupitia tovuti ya KUCCPS, na si lazima uwe umemaliza shule mwaka jana. Aliyefanya KCSE miaka kadhaa nyuma anaruhusiwa kuomba nafasi za TVET. Ukienda saiba, kaa na kijana anayekujazia, usimwachie namba zako ukaondoka. Andika mwenyewe nywila kwenye daftari. Watu wamepoteza nafasi kwa sababu akaunti ilifunguliwa kwa simu ya mtu wa saiba, na mwenyewe hajui hata inaishia na namba gani.

Hatua ya tano: pesa, pande zote mbili za safari

Omba chuo kikupe mchanganuo wote wa karo. Usitosheke na ile ya muhula inayoandikwa kwenye bango. Kuna ada ya mtihani, usajili, kitambulisho, vifaa vya karakana, bima, atachimenti (yale mafunzo ya kazini), na mahafali. Ukishajumlisha, linganisha na gharama ya kuishi. Faida kubwa ya chuo cha karibu iko hapa: unalala kwenu, unakula kwenu. Anayetoka Likoni anavuka feri kwa miguu bila kulipa, anabaki na nauli ya matatu upande wa pili. Kodi ya chumba na chakula cha mwanafunzi aliyepelekwa mji mwingine mara nyingi hushinda karo yenyewe.

Misaada ipo. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, hukopesha wanafunzi wa TVET kama inavyokopesha wa vyuo vikuu. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na unapewa mwaka mmoja baada ya kumaliza kabla ya kuanza kulipa. Anayenyamaza hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, nayo huvimba haraka. Ukimaliza diploma na kuunganisha na digrii, wajulishe HELB kwamba bado unasoma. Usifikirie watajua wenyewe.

Najua kuna nyumba nyingi hapa kwetu ambazo hazichukui riba, na ni haki yao. Kama ndivyo kwenu, lizungumzeni mapema, maana mpango wenu utategemea vyanzo vingine: basari ya kaunti, basari ya eneobunge lenu, iwe Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu, mfuko wa zaka wa msikiti, na mchezo wa kina mama, ule wa kuchangiana pesa kwa zamu. Fomu za basari hutaka barua ya kujiunga na chuo, mchanganuo wa karo, nakala za vitambulisho vya wazazi na muhuri wa chifu. Andaa nakala kadhaa kwa mpigo uziweke, kwa sababu fomu hutangazwa leo na kufungwa baada ya siku chache.

Kwa familia inayoishi kwa hoteli, pesa huja kwa misimu. Disemba kuna kitu, Mei hoteli ni tupu. Ongea na ofisi ya fedha ya chuo mwanzo wa mwaka, mwombe kulipa kikubwa wakati wa msimu na kidogo wakati wa ukame. Vyuo vingi vya umma husikiliza ukienda mapema na mpango wa maandishi. Ukienda wiki ya mtihani ukiwa na deni, hapo unaomba huruma, na huruma haina uhakika.

Upande wa pili wa safari ndio unaoshtua watu. Ufadhili wa serikali kwa wanafunzi wa chuo kikuu, kwa mfumo ulioanza 2023, umejengwa juu ya wale wanaopangiwa nafasi na KUCCPS. Anayepanda kutoka diploma mara nyingi huingia kama mwanafunzi anayejilipia. Kwa hiyo, piga hesabu ya digrii ukidhani hakuna atakayekusaidia, kisha msaada ukija uwe nyongeza. Wengi hufanya kazi mwaka mmoja au miwili baada ya diploma ndipo waendelee na masomo ya jioni. Sioni ubaya wowote kwa hilo, mradi tarehe ya kurudi iwe imeandikwa mahali, na mtu mwingine nyumbani aijue.

Hatua ya sita: soma ukilenga krediti, na utunze faili

Pasi inakupa diploma. Krediti inakupa diploma na mlango wa mwaka wa pili wa chuo kikuu. Kati ya hivyo viwili kuna tofauti ya mwaka mzima wa karo, kwa hiyo kila mtihani wa muhula ni pesa. Nasema hivi kwa sababu kuna utamaduni kwenye vyuo vya ufundi wa kusema "mradi nimepita". Hao wenzako huenda hawana mpango wa kuendelea. Wewe unao.

Somo linalowaangusha wengi ni Hisabati, hasa kwenye kozi za umeme, ujenzi na mitambo. Ukiona mwezi wa kwanza hushiki, tafuta msaada mwezi huohuo. Kwa mfumo wa KNEC, karatasi moja uliyorudishiwa inazuia cheti kizima hadi uirudie na kuifaulu, na kusubiri awamu nyingine ya mtihani kunaweza kukukosesha mwaka wa kuingia chuo kikuu.

Sasa faili. Nunua faili ya plastiki yenye mifuko, ile inayofungika, maana unyevu wetu wa pwani haupatani na karatasi. Ndani yake weka barua ya kujiunga, risiti zote za karo, matokeo ya kila hatua, barua ya atachimenti na kitabu chake cha kumbukumbu, na lile jibu la chuo kikuu ulilolichapisha. Kisha weka kitu ambacho karibu hakuna anayekiweka: muhtasari wa kila somo ulilofundishwa.

Muhtasari huo ni karatasi moja au mbili ambazo mwalimu hugawa wiki ya kwanza: jina la somo, namba yake, mada zitakazofundishwa, idadi ya saa, na vitabu. Wanafunzi huzitumia kufungia mahamri. Usifanye hivyo. Mwisho wa muhula, zipeleke kwa mkuu wa idara akupigie muhuri na kutia sahihi.

Sababu ni hii. Siku utakapoomba kusamehewa masomo, kuna mhadhiri atakayeketi na karatasi mbili mezani. Kushoto ni muhtasari wa somo lao, tuseme Uhasibu wa Fedha wa mwaka wa kwanza. Kulia ni wako. Atapitia mada moja baada ya nyingine: leja, urari, hesabu za ubia, hesabu za kampuni. Mada nyingi zikifanana na saa zikikaribiana, anatia alama, somo limesamehewa. Kama kulia hakuna kitu ila transkripti yenye jina la somo na alama, hana cha kulinganisha, na mtu asiye na cha kulinganisha huandika hapana. Kurudi chuo cha zamani baada ya miaka miwili kutafuta muhtasari wa mtaala ambao ushabadilishwa ni kazi ya wiki nzima, na huenda usiupate.

Hatua ya saba: atachimenti

Itafute mapema, miezi mitatu kabla, na uitafute kwenye fani ya digrii yako. Mji huu una bandari, reli, hoteli, mawakala wa forodha, hospitali, karakana za meli na benki. Barua peleka mwenyewe mkononi, asubuhi, ukiwa umevaa vizuri, na ufuatilie baada ya wiki. Kitabu cha kumbukumbu kijaze kila siku kabla hujatoka kazini. Msimamizi anayekuona ukikijaza ndiye utakayemwomba barua ya mapendekezo baadaye, na ndiye anayeweza kukuita nafasi ya kazi ikitokea.

Hatua ya nane: kuomba digrii

Matokeo ya mwisho yakitoka, usikae ukisubiri cheti chenyewe. Cheti huchelewa. Uliza chuo kikuu kama watapokea hati ya matokeo kwa muda, kisha omba wakati huo. Hakikisha jina lako ni lilelile kwenye kitambulisho, KCSE na diploma. Hapa pwani hili ni tatizo la kila siku: mtu ni Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Mohammed kwenye KCSE, na jina la babu limeingia kwenye kitambulisho lakini halipo kwingine. Kiapo cha kisheria na marekebisho huchukua muda, kwa hiyo lianze ukiwa bado unasoma diploma.

Kwenye maombi ambatanisha barua fupi inayosema wazi kwamba unaomba kuingia mwaka wa pili na kusamehewa masomo, ukiyataja moja moja, kila moja na muhtasari wake. Usipoomba, mara nyingi unawekwa mwaka wa kwanza, na hakuna atakayekukumbusha. Hakikisha pia programu yenyewe imeidhinishwa na Commission for University Education. Orodha iko kwenye tovuti yao.

Barua ya kukubaliwa ikija, isome mstari kwa mstari kabla ya kulipa. Itafute sehemu inayotaja mwaka wa kuingia. Kama imeandikwa mwaka wa kwanza na wewe uliahidiwa wa pili, chukua faili yako na lile jibu la maandishi, nenda kwa msajili, uliza kwa heshima. Makosa ya kuandika yapo na husahihishwa, ila husahihishwa kabla ya usajili. Barua ya masomo uliyosamehewa nayo uipate mkononi kabla ya kujisajili kwa masomo ya muhula wa kwanza, kwa sababu somo ukishajisajili kulisoma na kulilipia, kulitoa ni kesi nyingine. Mwaka wa pili utakuta wenzako washazoeana na washajua njia. Wiki mbili za mwanzo nenda maktaba, waombe maelezo ya masomo ya mwaka wa kwanza ambayo wewe umeyaruka, uyapitie hasa yale ya nadharia. Diploma ilikufundisha kufanya. Wahadhiri wa digrii watakuuliza kwa nini inafanyika hivyo.